Neno Kabla ya Sindano



Wengi wetu tumezoea kufikiri kwamba dawa njema ni ile isiyoumiza, na kwamba mgonjwa akianza kulalamika mara baada ya kudungwa sindano, basi sindano ile ni mbaya, au aliyeidunga hajui kazi yake. Mara nyingine fikira hiyo ina haki. Lakini iko dawa moja ya hospitali ambayo hata inapofanya kazi yake vizuri humtia mgonjwa hofu kubwa. Kwa sekunde chache huona kifua kimekazwa, pumzi imekatika, na mauti yamekaribia. Wakati huo huo karatasi ya mashine yaonyesha kwamba moyo umenyamaza. Kisha, kabla jamaa hawajamaliza kupiga yowe, moyo hurudi na kupiga kwa utulivu, naye mgonjwa hufumbua macho na kuomba maji. Dawa hiyo yaitwa adenosini, nayo hutumiwa kwa moyo uendao mbio ghafula.

Juma hili twataka kuzungumza habari zake, kwa sababu hapa kwetu Kakontwe, kama katika mitaa yote ya Likasi, mgonjwa haendi hospitali peke yake. Huenda na mama yake, na shangazi, na mjomba, na jirani mwenye pikipiki. Hao ndio watakaosimama mlangoni, na mara nyingi ndio watakaoulizwa kama wakubali au wakataa. Wakijua mbele mambo yatakayotokea, watamsaidia mgonjwa wao. Wasipojua, wanaweza kumwondoa kitandani katika dakika ile ile alipokuwa karibu kupona.

MOYO UENDAO MBIO NI MOYO GANI?

Moyo wa mtu mzima aliyepumzika hupiga mara 60 mpaka 100 kwa dakika. Mtu akipanda kilima, akiogopa, akishikwa na homa ya malaria, akipungukiwa na damu au na maji mwilini, moyo huongeza mwendo. Huo si ugonjwa wa moyo wenyewe, maana moyo watii tu mahitaji ya mwili. Mwendo wa namna hiyo huongezeka kidogo kidogo na kupungua kidogo kidogo. Dawa yake ni kuitibu malaria, kurudisha damu, kunywa maji. Sindano tunayoizungumza leo haina kazi hapo.

Lakini uko mwendo wa namna nyingine. Mtu ameketi kimya, anachambua sombe au anasoma kitabu, na mara, kama taa iliyowashwa, moyo waanza kwenda mbio: mara 150, mara 180, hata zaidi ya 200 kwa dakika. Shingo yatikisika kwa mapigo, kichwa chawa chepesi, jasho latoka, mikono yatetemeka. Pengine mambo hayo hudumu dakika tano, pengine saa nzima au zaidi, kisha hukoma ghafula kama yalivyoanza. Hata vijana wenye nguvu hupatwa nayo. Na kwa kuwa mara nyingi mgonjwa afikapo hospitali moyo umekwisha kutulia, wengi huambiwa kwamba ni wasiwasi tu. Nyumbani nako huambiwa kwamba wamerogwa, au kwamba pepo amewakalia kifuani. Kumbe sivyo! Ni umeme wa moyo uliopotea njia.

Ndiyo, umeme. Kila pigo la moyo huanzishwa na cheche ndogo ya umeme wa mwili. Mahali inapozaliwa cheche hiyo, katika chumba cha juu cha kuume, palielezwa mwaka wa 1907 na wataalamu wawili wa Uingereza, Arthur Keith na Martin Flack. Kutoka hapo cheche hushuka mpaka katikati ya moyo, penye kifundo kidogo kilichoelezwa mwaka wa 1906 na Mjapani Sunao Tawara, aliyekuwa akifanya uchunguzi wake Marburg, Ujerumani. Kifundo hicho ni kama lango. Huizuia cheche kitambo kidogo sana, kisha huiacha ishuke katika vyumba vya chini, navyo hukaza na kusukuma damu.

Sisi watu wa Katanga twajua reli, basi tutumie mfano wa reli. Fikirini stesheni ya Tenke, pale njia zigawanyikapo, moja kwenda Kamina na nyingine kwenda Dilolo. Treni ikija kwa utaratibu hupita langoni mara moja na kuendelea na safari. Lakini tuseme kwamba karibu na lango ipo njia ndogo ya pembeni, iliyopinda na kurudi pale pale ilipoanzia. Treni ikiingia humo kwa wakati mbaya, itazunguka, itapita langoni, itazunguka tena, itapita tena, na kila ipitapo kengele italia. Mkuu wa stesheni hana la kufanya, maana njia yake imeshikwa. Hivyo ndivyo moyo wa namna hii unavyokwenda mbio: cheche moja yazunguka bila kupumzika, na kila mzunguko ni pigo moja.

Adenosini hufanya kazi moja tu. Hulifunga lango kwa sekunde chache. Treni izungukayo yakuta lango limefungwa, yakoma hapo. Lango likifunguka, mkuu wa stesheni hupeleka treni zake kwa utaratibu kama kawaida. Katika sekunde zile za lango kufungwa hakuna treni ipitayo, ndiyo sababu moyo hunyamaza kidogo. Ukimya huo ndio unaowaogofya watu, lakini ndio uliotafutwa.

KABLA YA DAWA, KUPULIZA

Daktari mwema haanzi na sindano. Kama mgonjwa ana fahamu zake na damu yake yasukumwa vema, kwanza atamwambia apulize. Njia hii ina jina la Antonio Maria Valsalva, daktari wa Bologna katika Italia, aliyeeleza mwaka wa 1704 habari za kupuliza kwa nguvu huku pua na mdomo vimefungwa. Yeye alikuwa akishughulikia magonjwa ya masikio! Baadaye waganga walitambua kwamba kujikaza kwa namna hiyo huamsha mshipa mkubwa wa fahamu ushukao kutoka kichwani mpaka moyoni, nao mshipa huo hulifunga lango kidogo, bila dawa yo yote.

Mwaka wa 2015 madaktari wa Uingereza walitangaza uchunguzi wao juu ya wagonjwa 428. Wale waliopuliza kwa njia ya zamani walitulia 17 tu katika kila 100. Wale waliopuliza, kisha wakalazwa chali mara moja na kuinuliwa miguu, walitulia 43 katika kila 100. Tazameni faida ya jambo dogo lisilogharimu hata faranga moja! Mgonjwa huketi ameegemea mto, hupuliza katika bomba la sindano la mililita 10 kwa sekunde 15, kwa nguvu ya kutosha kuisogeza ile fimbo ya ndani. Kisha hulazwa chali, na mtu mwingine humwinulia miguu yote miwili, ikiwa imenyooka, kiasi cha nusu ya kusimama wima, kwa sekunde 15 nyingine. Aliyekwisha kupimwa na kufundishwa na daktari aweza kufanya hivyo hata nyumbani. Lakini msibonyeze macho ya mgonjwa, wala msimsugue shingo, kama wafanyavyo wengine. Mambo hayo yaweza kudhuru.

Kupuliza kukishindwa, ndipo huja sindano.

NAMNA INAVYOTOLEWA

Adenosini si kitu kigeni mwilini. Kila mmoja wetu anayo katika damu na katika nyama zake. Mwaka wa 1929, huko Cambridge, Alan Drury na Albert Szent-Györgyi walieleza kwamba vitu vya jamii hiyo, vilivyotolewa katika nyama ya moyo na kutiwa katika mishipa ya wanyama, huupunguza mwendo wa moyo. Ilipita miaka mingi kabla ya jambo hilo kuwa dawa ya kila siku. Marekani iliiruhusu kwa ugonjwa huu mwaka wa 1989.

Kwa kuwa mwili waijua, mwili pia huila upesi. Katika muda usiofika sekunde 10 nusu yake imekwisha kutoweka. Kwa hiyo haifai kudungwa katika nyama ya bega au ya tako, wala kudondoshwa polepole katika chupa ya maji. Yapasa itiwe katika mshipa mkubwa wa damu, ule wa kwenye kiwiko cha mkono ukifaa, isukumwe kwa nguvu mara moja, na nyuma yake ifuatishwe mara moja na maji ya chumvi, kiasi cha mililita 20, ili iufikie moyo kabla haijaisha. Pengine mwuguzi atauinua mkono wa mgonjwa juu. Twawafundisha watoto wetu kwamba haraka haraka haina baraka. Hapa methali yageuka: baraka ya dawa hii imo katika haraka yake. Basi mkiwaona wauguzi wawili wamesimama kitandani, mmoja na bomba la dawa na mwingine na bomba la maji, wakihesabu pamoja na kusukuma kwa ghafula, msidhani kwamba wamfanyia mgonjwa ukatili. Ndivyo ipasavyo.

Kipimo cha kwanza kwa mtu mzima ni miligramu 6. Ikiwa baada ya dakika moja au mbili moyo bado waenda mbio, hutolewa miligramu 12. Kwa watoto hupimwa kwa uzito wao. Katika uchunguzi uliotangazwa Marekani mwaka wa 1990, zaidi ya nusu ya wagonjwa walitulia kwa kipimo cha kwanza, na baada ya kipimo cha pili walikuwa wametulia kama 9 katika kila 10. Kwa hiyo kipimo cha kwanza kikishindwa, msiseme, “Dawa yao haina nguvu, twende zetu.” Cha pili kimo katika utaratibu wenyewe.

Mgonjwa atafungwa nyaya kifuani, ili mashine iandike mapigo ya moyo tangu mwanzo mpaka mwisho. Na karibu na kitanda yafaa iwepo mashine ya kushtua moyo kwa umeme. Kuwekwa kwake hapo si dalili kwamba mgonjwa atakufa. Ni kama ndoo ya mchanga katika karakana, ambayo huwekwa kabla ya moto wala si baada yake.

SEKUNDE ZENYEWE

Sasa twafika kwenye neno kubwa la leo. Mgonjwa atasikia nini?

Mara dawa ifikapo moyoni, uso wawaka joto na pengine kuiva wekundu. Kifua chabanwa kana kwamba mtu amekikalia. Pumzi yawa nzito, ingawa hewa yaingia. Wengine huona kichefuchefu, wengine kizunguzungu, wengine husikia kichwa kimejaa. Na juu ya hayo yote, wengi hupatwa na hofu isiyo na mfano, wakasema, “Ninakufa.” Hofu hiyo si uoga, wala si udhaifu wa imani. Ni tendo la dawa yenyewe katika mwili, na hata daktari akidungwa dawa hiyo ataiona.

Mambo hayo huanza upesi, na kwa kawaida hayafikii dakika moja. Katika wakati huo mashine yaweza kuandika mstari mtupu kwa sekunde kadhaa, kisha pigo moja, kisha mawili yasiyo na mpango, kisha mapigo sawasawa. Pengine moyo hutulia kabisa. Pengine hutulia, na baada ya dakika chache huanza tena mbio, ikabidi kurudia. Na pengine dawa haiponyi, lakini hupunguza mbio kwa kitambo, hata daktari aweza kuona katika karatasi kwamba huu ni ugonjwa mwingine wa mwendo wa moyo, unaohitaji dawa nyingine. Hapo pia sindano haikupotea bure.

Fikirini nyumba mbili. Katika nyumba ya kwanza, mama mwenye watoto wanne apatwa na mbio za moyo, jamaa wamleta hospitali, na mwuguzi mwenye kazi nyingi amdunga bila kusema neno. Mama alia, “Mmeniua!” Mume aona mstari umelala katika mashine, amshika mwuguzi shati. Shangazi ameanza kilio mlangoni. Moyo watulia kweli, lakini hakuna asikiaye. Usiku ule wamwondoa, na mtaani yasemwa kwamba katika hospitali ile hudungwa sumu. Mwezi wa tatu mbio zarudi, na mama akataa kwenda. Akaa nyumbani siku mbili, moyo umechoka, mapafu yameanza kujaa maji.

Katika nyumba ya pili, ugonjwa ni ule ule na dawa ni ile ile. Lakini kabla ya kusukuma, mwuguzi amshika mama mkono na kusema, “Mama, nisikilize. Sasa utaona vibaya sana, kifua kitabana, utadhani unakufa. Haitafika dakika moja. Mimi nipo hapa, sikuachi. Hesabu pamoja nami.” Kisha amgeukia mume, “Baba, nawe utaona mashine imenyamaza kidogo. Usiogope, ndiyo kazi ya dawa.” Mama aliona vibaya kama yule wa kwanza, wala neno lile halikumwondolea hata chembe ya maumivu. Lakini alihesabu mpaka 20, na moyo ukatulia, na mbio zilipomrudia baada ya miezi mitatu alikwenda hospitali katika saa ile ile ya kwanza.

Tofauti ya nyumba hizo mbili ni maneno ya nusu dakika. Maneno hayo hayauzwi katika duka la dawa, lakini ni sehemu ya dawa. Kwa hiyo, ninyi wauguzi msomao gazeti hili, msiyaache kwa kuwa watu wamejaa barazani. Nanyi jamaa, wasipowaambia, ulizeni kwa adabu, “Bwana daktari, dawa hii mgonjwa ataionaje, na kwa muda gani?” Kuuliza hivyo si ukosefu wa heshima.

MAMBO YA KUMWAMBIA DAKTARI

Kabla ya sindano, msifiche haya.

Kwanza, pumu. Adenosini yaweza kuibana njia ya pumzi ya mwenye pumu. Katika mji wetu wako wengi waliofanya kazi katika vumbi la mawe na moshi wa viwanda, ambao hupumua kwa shida. Na waseme, ili daktari achague dawa nyingine ikiwa lazima.

Pili, kahawa na chai kali. Vitu vilivyomo ndani yake huizuia dawa isifanye kazi. Vivyo hivyo vidonge vya aminofilini na teofilini, ambavyo wengine hunywa kwa ajili ya pumu. Mgonjwa aliyekunywa vikombe vitatu vya kahawa asubuhi na aseme.

Tatu, dawa za kifafa ziitwazo karbamazepini, na dawa ya damu iitwayo dipiridamoli. Hizi huiongezea adenosini nguvu kupita kiasi, na kipimo hupaswa kupunguzwa.

Nne, dawa za kienyeji na vidonge alivyoazimwa na jirani. Hakuna daktari awezaye kuchagua vema ikiwa hajui kilichokwisha kuingia tumboni.

Tano, mimba. Mama mjamzito asiogope kusema. Adenosini ni mojawapo ya dawa ambazo madaktari huziona kuwa zafaa kwa mbio hizi wakati wa mimba, lakini yapasa wajue.

KAMA HAIPO

Dawa hii haipatikani katika kila hospitali ya nchi yetu. Daktari aweza kutumia verapamili, ambayo imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Hiyo nayo hulifunga lango, lakini kwa namna nyingine. Husukumwa polepole, kwa dakika mbili au zaidi, na kazi yake huonekana baada ya dakika chache. Haimtii mgonjwa ile hofu ya mauti, ila yaweza kuishusha nguvu ya damu akaona kizunguzungu. Kwa hiyo alale, asisimame upesi. Haifai kwa moyo uliokwisha dhoofika, wala kwa watoto wachanga. Dawa ya kale, digoksini, yatokana na jamii ya mmea ambao daktari Mwingereza William Withering aliuandikia kitabu mwaka wa 1785. Nayo hufaa mara nyingine, lakini hukawia kwa saa nyingi.

Na ikiwa mgonjwa amezimia, au fahamu zapotea, au ana maumivu makali ya kifua, au mwili wake ni baridi na hapumui vema, pengine daktari hatangoja dawa. Atamshtua moyo kwa umeme, baada ya kumpa dawa ya usingizi ikiwa ipo nafasi. Jambo hili laogofya kulitazama, lakini laweza kumwokoa. Msilikatae kwa sababu ya jina lake.

Watoto wachanga hawawezi kusema, “Moyo wanienda mbio.” Mtoto akikataa ziwa, akipauka, akipumua upesi, na mama akiweka mkono kifuani akasikia mapigo yasiyohesabika, ampeleke hospitali siku ile ile. Moyo wa mtoto mchanga ni mwepesi kuliko wetu kwa asili yake, lakini ukizidi 220 kwa dakika wataka kuangaliwa na daktari.

BAADA YA KUTULIA

Moyo ukishatulia, mgonjwa huona uchovu, na yafaa akae saa kadhaa chini ya macho ya wauguzi. Kisha ombeni kitu kimoja kilicho bora kuliko vyote: karatasi ile ya moyo, iliyoandikwa wakati wa mbio. Hiyo ni shahidi. Moyo ukitulia, hata daktari mkuu wa Lubumbashi, mwendo wa kilometa kama 120 kutoka hapa, aweza kukupima asione kitu. Lakini ukimletea karatasi, ataona mara moja njia ile ya pembeni ilivyokuwa. Itieni katika mfuko pamoja na kadi za chanjo za watoto. Wino wa karatasi nyingine hufifia kwa joto na mwanga. Afadhali kufanya nakala, au kuipiga picha kwa simu.

Adenosini huzizima mbio za siku ile tu. Njia ya pembeni yabaki pale pale, na mbio zaweza kurudi. Mgonjwa ambaye hurudiwa mara nyingi aweza kupewa vidonge vya kila siku. Iko pia kazi ya kuichoma ile njia ndogo kwa waya mwembamba upitishwao katika mshipa wa damu wa paja mpaka moyoni, bila kupasua kifua. Kazi hiyo huwaponya wengi kabisa, lakini Afrika yafanyika katika miji michache tu, kama Nairobi na Cape Town, na gharama yake si ndogo. Mambo madogo nayo husaidia: kulala vya kutosha, kupunguza kahawa na pombe, kunywa maji.

YASHIKENI HAYA

Wanafunzi, andikeni katika daftari zenu, mkawasomee wazee jioni.

Moyo uanzao mbio ghafula, hesabuni mapigo yake penye kifundo cha mkono kwa nusu dakika, mkazidishe mara mbili. Yakizidi 150 naye mtu ameketi tu, mpelekeni hospitali. Asiende peke yake, wala asiendeshe baiskeli au pikipiki. Akizimia, au kifua kikiuma, au pumzi ikikatika, msingoje kuhesabu wala msingoje asubuhi.

Msimpitishe kwanza kwa wafukuza pepo. Mwenye kutaka kusali na asali njiani, maana sala haizuiwi na sindano, wala sindano haizuiwi na sala.

Semeni habari za pumu, kahawa, vidonge na mimba.

Ulizeni dawa itaonwaje. Mkisikia jina adenosini, mjue kwamba zaja sekunde chache mbaya, nazo zitapita. Mmoja wenu aliye mtulivu amshike mgonjwa mkono na kuhesabu pamoja naye kwa sauti. Wengine wangoje nje.

Na mgonjwa akisema, “Ninakufa,” msimjibu kwa kilio, wala msimwambie kwamba asema uongo. Mwambieni, “Tulijua utasikia hivyo. Hesabu, bado kidogo.”